Maalim Hakutaka Mungu Apewe Mkono

Kila Maulidi yanaposomwa mtaani kwetu Bulyaga, husimama mtu akamtaja Maalim wetu. Humwita taa ya mji. Humwombea nafasi pana kaburini, na watu huitikia amina kwa sauti nzito, mimi nikiwa upande wa wanawake nimeuma meno. Maana wanaoitikia kwa nguvu zaidi ni wale waliotia sahihi barua ya kumkana, na waliokwisha kufa wamewaachia watoto wao kazi ya kuitikia. Nimenyamaza miaka mingi. Mwaka huu nimechoka, ndiyo maana naandika.

Sitasema alizaliwa wapi wala babu yake alikuwa nani. Hayo wanayasema wao, tena kwa urefu, kwa sababu ukoo wa marehemu haumuumizi mtu yeyote. Nitasema nilichokiona na nilichokifanya.

Alikuwa mtu wa hasira. Hilo nalitanguliza kwa sababu kwenye Maulidi hulificha. Humfanya mpole, kana kwamba mtu aliyeonewa ni lazima awe alikuwa mpole ndipo aonewe huruma. Maalim hakuwa mpole hata kwa vitu. Riziki yake ilikuwa kutengeneza miavuli, na Tukuyu kwa mvua zake kazi hiyo haikauki. Baraza lake lilijaa miavuli myeusi iliyofunguka nusu, naye alikaa katikati yake na koleo na waya, akiikaripia. Akikuta chuma kimekunjika humgeukia mwenye mwavuli na kumuuliza alikuwa akichimbia nini. Mtu mmoja alirudisha mwavuli ule ule mara ya tatu, Maalim akakataa kuupokea, akamwambia anyeshewe mpaka apate akili. Mtu yule alikwenda zake kwenye mvua na mwavuli uliovunjika mkononi, na wiki iliyofuata akarudi kuomba msamaha. Sijui aliomba msamaha wa nini.

Nyuma ya baraza ndipo palipokuwa chuo, chumba kimoja chenye mabenchi sita na dirisha la mbao. Tulisoma hapo watoto wa washonaji, wa wauza nguo, wa mafundi, wengi wetu wajukuu wa watu waliotoka pwani, na wengine kama mimi tukiwa nusu wa hapa hapa. Alitufundisha herufi, akatufundisha kusali, na tulipofika umri wa kukariri alitufundisha sifa ishirini za Mwenyezi Mungu. Katika hizo ishirini kulikuwa na moja aliyoipenda kuliko zote, ile ya kwamba Mungu hafanani na kiumbe chochote. Akifika hapo sauti yake ilibadilika. Alisema chochote kitakachokujia kichwani ukadhani ndiye, basi siye.

Siku moja aliuliza darasani kama kuna anayeweza kusema Mungu yukoje. Mwenzetu mmoja, binti wa fundi viatu, alinyoosha kidole akasema ni mzee mwenye ndevu nyeupe, amekaa juu ya mawingu. Alikuwa ameiona picha hiyo kwa jirani yao. Maalim hakumpiga. Alilipiga benchi kwa koleo mpaka ubao ukapasuka, kisha akatuimbisha sote, Mungu hana sura, hana upande, hakai, hasimami, hachoki, kuanzia asubuhi ile mpaka adhuhuri. Binti yule alikariri huku analia. Mimi nilikariri huku nikiogopa mawingu.

Ukali huo hakuuacha chuoni. Mtu akisema barabarani kwamba Mungu amemnyooshea mkono, Maalim humsimamisha na kumuuliza mkono upi, wa kulia au wa kushoto. Na kuna siku nilimchukia. Jirani yetu alikuwa amefiwa na mume, miezi miwili baadaye akafiwa na mtoto, naye akasema mbele ya watu waliokuja kumpa pole kwamba Mungu amempa mgongo. Maalim alikuwepo. Alisema pale pale kwamba Mungu hana mgongo. Mwanamke yule alijifunika kanga usoni. Maalim hakuomba radhi, si siku hiyo wala baadaye. Nalitaja hili ili ijulikane kwamba siandiki habari za malaika.

Sasa nije kwenye jambo lililoleta yote.

Wasichana tulikuwa na zamu ya kufagia chuo. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, saa ambayo Maalim hujifungia chumbani kwake kuleta uradi. Kati ya chuo na chumba chake kulikuwa na ukuta wa udongo uliopasuka. Mara ya kwanza nilisikia zikri tu, jina lile lile likirudiwa, pumzi ikipanda na kushuka. Baadaye zikri ilinyamaza na Maalim akaanza kusema, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kama mtu anayesemezana na jirani juu ya ua. Alisema, najua umenisikia. Alisema, usinigeuzie uso, uso wako ndio nilio nao peke yake. Alilalamika juu ya miguu yake, juu ya upweke wake, juu ya mtu fulani aliyemdharau sokoni. Kuna mahali alicheka. Mimi sijawahi kumsikia akicheka mahali pengine.

Nilikuwa na miaka kumi, na nilikasirika kweli kweli. Mtu huyu alikuwa amewaliza watoto kwa ajili ya uso, na yeye mwenyewe anao wake anaousemesha. Alhamisi ya tatu sikuvumilia. Alipotoka nilimuuliza kama Mungu ana uso au hana.

Alinitazama nikadhani koleo linakuja. Akaniuliza nimesikia nini, nikamwambia. Alikaa kwenye benchi la mbele, lile lililopasuka.

"Darasani nasema jinsi Yeye alivyo," akasema. "Kule ndani nasema jinsi mimi nilivyo. Ukiacha la kwanza utaabudu sanamu. Ukiacha la pili utaabudu neno tupu. Sasa maliza kufagia."

Kisha akaongeza kwamba aya ile ile inayotuambia hakuna kitu mfano wake, haijakata pumzi inatuambia kwamba anasikia na anaona. Alisema watu huchukua nusu wanayoipenda wakapigana na wenye nusu nyingine. Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba nilikuwa na siri ya Maalim, na siri ni kitu kizito kwa mtoto mwenye marafiki.

Mama yangu alitoka Suma, kwa wakulima wa migomba waliokuwa Wakristo, akasilimu alipoolewa na baba. Alisali sala tano bila kukosa, ila akishtuka au akiumwa alimwita Mungu kwa jina alilolinyonya kwa mama yake, Kyala. Wanawake wa msikitini walimcheka. Mwenyekiti wa msikiti, mfanyabiashara aliyelipia mabati ya paa la msikiti na hakuwaacha watu wasahau hilo, alimsimamisha baba siku ya Idi, watu wamejaa, akamwambia mkewe anakufuru, na ndoa yenye kufuru ndani ni ya kutazamwa upya. Baba aliinamisha kichwa. Maalim alipita katikati ya watu na wote tulijua mama atakiona. Lakini alimgeukia mwenyekiti. Alimwambia kwamba mwanamke huyu analo jina moja zaidi la kumwitia Mola wake, na halimpunguzii kitu. Anayemwita kwa Kiarabu huku moyoni anamwona amekaa juu ya kiti kama mwenye duka, huyo ndiye wa kuogopewa ndoa yake.

Watu walicheka. Mwenyekiti alicheka nao, na kicheko chake nilikiona kilivyokwama. Mama alisema kwa lugha ya kwao, "Ndaga, Malimu," yaani asante, na Maalim akamkaripia asimshukuru yeye.

Haikupita miezi mingi mama alinituma chumvi kwenye duka la mwenyekiti. Mwenyewe alikuwepo. Alinipa kipande cha halua, akaniuliza habari za chuo, akaniuliza kama ni kweli Maalim husemasema peke yake siku za Alhamisi. Hakunitisha, wala hakunidanganya. Aliniuliza tu, na mimi nilimwambia. Niliiga hata sauti. Usinigeuzie uso. Najua umenisikia. Alicheka sana, akanikatia halua nyingine, nikarudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu.

Miaka ikapita, nami nikawa msichana wa darasa la saba. Ilikuja ile amri ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Wilayani kwetu Rungwe watu walikuwa wamekaa karibu karibu tangu zamani, kwa hiyo sehemu nyingi kilichobadilika ni jina tu. Lakini wenye nyumba juu ya miteremko kule Suma walitakiwa washuke karibu na barabara, na bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mmoja wao. Alikataa kuiacha migomba yake. Vijana wa mgambo walikuja wakaling'oa paa la nyumba yake katikati ya mvua za masika, ili akae na mvua mpaka atii. Alikaa nayo siku tatu, ndipo mjomba akambeba.

Wiki hiyo hiyo katibu wa tawi la Chama aliitisha mkutano Tukuyu. Hakuwa mtu mbaya sana, ila alipenda sauti yake. Aliwaeleza watu kwamba hakuna haja ya kujificha vilimani, maana Serikali ina mkono mrefu, ina macho kila kilima, na inasikia wanachonong'onezana jikoni. Wazee wa Kinyakyusa waliokuwa mbele walitafsiriwa, wakatikisa vichwa kwa hofu.

Maalim alisimama. Mimi nilikuwa nimekaa na mama, hatua kumi kutoka kwake.

"Ndugu katibu," alisema, "mkono, macho na kusikia hata cha jikoni, hizo ni sifa za Mwenyezi Mungu. Na hata Yeye nimewakataza watoto wasimpimie mkono kwa mikono yao. Wewe umempa nani?"

Mtu mmoja akacheka, tafsiri ikawafikia wazee, wakacheka, na kicheko kikaenea mkutano mzima. Angeketi hapo labda mambo yangeisha. Hakuketi. Alisema kuna bibi kizee ameng'olewa paa, na mkono ulioling'oa unajulikana, una vidole vitano, na kijana mwenyewe amesimama pale. Akamwonyesha. Akasema Serikali ni watu, na mtu akifanya dhuluma aitwe kwa jina lake, asijifiche nyuma ya kitu kisicho na uso.

Walimchukua kabla mkutano haujaisha. Kosa lake liliitwa uchochezi.

Katibu, nasikia, hakutaka makuu. Aliwaambia wazee wa msikiti kwamba wakija watu watatu wanaoheshimika wakamdhamini kuwa ni mtu mwema mwenye ulimi mkali tu, atatoka jioni hiyo. Watu watatu. Bulyaga nzima. Mwenyekiti aliwaita wazee nyumbani kwake, na badala ya dhamana waliandika barua. Baba alikuja nayo nyumbani ili aisome kabla ya kutia sahihi, akaisoma kwa sauti. Ilisema kwamba mtu huyu si mwalimu wa Waislamu wa Bulyaga, kwamba itikadi yake imepotoka, kwamba anaamini Mwenyezi Mungu ana uso kama wa binadamu na kwamba husemezana Naye chumbani, na wapo mashahidi waliosikia.

Shahidi nilikuwa mimi, na maneno yalikuwa yangu ya siku ya halua, yamenyooshwa na kupigwa pasi. Mtu aliyepasua benchi lake kwa sababu ya ndevu za mawinguni anakanwa kwa kosa la kumpa Mungu uso. Nilikaa pale na kitabu changu cha hesabu nisiseme kitu. Baba alikuwa akishona sare za vijana wa Chama, na alimwogopa mwenyekiti kuliko alivyomwogopa Mungu, mwenye uso au asiye na uso. Alitia sahihi. Alipoinua kichwa alituambia kwamba asiende mtu kituoni.

Mama alisubiri baba aende kazini. Akapika ndizi na maharage, akafunga sufuria kwa kanga, akapandisha nayo mpaka kituoni. Askari alimkatalia. Alikaa kwenye ngazi, mvua inanyesha, mpaka askari mwenyewe akaona haya. Alifanya hivyo siku tisa. Siku ya pili baba alipogundua aligomba mpaka majirani wakatoka, akamwambia hata wazee wenye elimu wamejitenga na mtu yule. Mama alikuwa anamenya ndizi. Alikumbusha jambo ambalo Maalim aliwahi kuwaeleza wanawake mwezi wa Ramadhani, kwamba siku ya kiyama Mungu atamwambia mja, nilikuwa na njaa hukunilisha, na mja atashangaa. Wakati ule mwenyekiti alilalamika kwamba habari hiyo si ya kuwapa wanawake, watakuja kudhani Mungu anakula.

"Kama Kyala hali," mama alisema, "basi Malimu atakula."

Nimesoma vitabu kadhaa tangu siku ile, na nimewasikia mashekhe wakibishana, wa nusu hii na wa nusu ile. Sijasikia aliyelisema vizuri zaidi.

Siku ya kumi walimwachia. Alirudi na kikohozi ambacho hakikumtoka tena. Chuo alikikuta kimefungwa kwa kufuli la mwenyekiti, na mabenchi yamehamishiwa kwa mwalimu mpya, kijana mtulivu asiyemuuliza mtu mkono upi. Maalim aliendelea kusali msikiti ule ule, safu ya mwisho, akitoka kabla watu hawajaanza kupeana mikono. Miavuli ya Waislamu iliacha kuja barazani. Ilikuja ya wakulima siku za soko, ambao hawakujua au hawakujali. Walimlipa kwa ndizi na kwa maneno mema, naye akawakaripia kama kawaida. Mwishowe mjomba wangu alimpa chumba kule Suma, akaondoka Bulyaga bila kumuaga mtu. Hakuna aliyetoka nje kumtazama. Mimi nilichungulia dirishani, na kuchungulia huko nakuhesabu pamoja na zile sahihi.

Nilikwenda chuo cha ualimu, nikapangiwa kufundisha Mbeya. Nilimwona tena miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni. Nilikuwa nimepata nusu mche na kilo moja ya sukari, nikapanda nazo Suma siku ya Jumamosi asubuhi, nikiwa nimejiandaa njia nzima kama mwanafunzi anayekwenda mtihani.

Nilimkuta nje ya chumba chake, macho yameingia ukungu, anapapasa mwavuli kutafuta palipovunjika. Nilisema shikamoo Maalim, akaitika marahaba, akanitaja kwa jina la mama yangu, binti wa fulani. Sauti ilimtosha. Niliweka sabuni na sukari karibu naye, nikabaki nimesimama, nikamwambia. Nilimweleza duka, chumvi, halua, na jinsi nilivyoiga sauti yake.

Aliendelea kupapasa mwavuli.

"Nilijua," akasema. "Maneno yale walinisomea ndani. Ukuta ule ulikuwa na sikio moja tu."

Nilimwomba anisamehe. Nilitazamia lile ambalo watu wazima hutuambia, kwamba ulikuwa mtoto, kwamba yamepita. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameniahidi kabisa kwamba ndivyo atakavyosema.

"Nimekukasirikia miaka yote," alisema Maalim. Sauti haikupanda. "Kule ndani, usiku wa kwanza, nilimwomba Mungu akukasirikie. Niliomba kwa nguvu. Asubuhi mama yako akaleta ndizi, nikala, nikafahamu nimefanya nini. Nilikuwa nimechukua hasira yangu nikamvika Yeye. Mimi. Binti wa fundi viatu alimpa ndevu tu."

Alikohoa muda mrefu. Nilitaka kumshika mgongo, sikuthubutu. Aliponyamaza alisema kwamba alitubu siku hiyo hiyo, akaivua ile hasira kutoka pale alipoiweka, na kwa kuwa haikuwa na mahali pengine pa kukaa ilirudi kwake. Alisema hajui Mungu amenihukumu nini. Alisema nami sijui, na yeyote atakayeniambia anajua nimfukuze nyumbani kwangu.

Nikamuuliza, basi yeye je. Yeye mwenyewe, Maalim, amenisamehe?

Alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, naweza kuapa, kama anayetafuta kitu mfukoni ambacho hana hakika kama alikibeba.

"Bado," akasema. "Mimi ni mtu. Nachelewa."

Nilivuta kigoda, nikakaa.